Siku Kumi na Mbili Chini ya Mlima wa Theluji

Safari tunayotaka kuisimulia hapa hatukuifanya kwa ajili ya matembezi, wala hatukuondoka kwetu kwa nia ya kwenda kuustaajabia mlima. Tulikwenda kumrudisha kijana nyumbani. Lakini mwenye kwenda katika mji wa watu, hata akienda kwa haja yake mwenyewe, hurudi na zaidi ya alichokifuata. Nasi tumeona si vema kujiwekea peke yetu yale tuliyoyaona, kwa kuwa twajua zipo nyumba nyingi ambazo kijana wao ameondoka kama alivyoondoka wetu.

Sisi ni wakazi wa Mbagala. Kwetu, kuanzia Kizuiani mpaka Rangi Tatu na kuendelea hata Kongowe, ni nadra kumkuta mzee aliyezaliwa papo hapo. Huyu katoka Kilwa, huyu Rufiji, huyu Lindi, huyu Newala. Aliteremka katika basi la Barabara ya Kilwa akasema anapita tu, atakaa mwezi au miwili kwa ndugu yake atafute nauli ya kuendelea na safari. Leo ana wajukuu. Basi ilikuwa haitupasi sisi, watu wa mji wa namna hiyo, kustaajabu sana mtoto wetu naye alipokwenda kupita mahali.

Mpwa wetu ni mtoto wa dada yetu mkubwa, ambaye ni mjane. Alipomaliza kidato cha nne alishika biashara ya viatu vya mitumba pale Rangi Tatu. Siku ya tano baada ya Idd el-Fitri aliaga kwamba anakwenda Kariakoo kuchukua mzigo, wala hakurudi. Usiku alipiga simu akasema yuko Moshi, ameitiwa kazi ya mlima, na mama yake asihuzunike. Dada yetu aliuliza mara mbili, "Mlima una kazi gani?" na simu ikakatika. Idd el-Hajj ikaja ikapita. Baadaye ikaletwa picha: mahema ya rangi ya chungwa, mawe meusi, ardhi imetanda weupe, na kijana amesimama katikati ndani ya koti kubwa lisilo lake. Watoto wa mtaani waliishangilia picha ile. Mama yake aliitazama akalia, maana aliona midomo ya mwanawe imepasuka.

"Mjomba mtu ndiwe uliyebaki," akatwambia. "Nenda kaniletee mwanangu." Hata kulipokucha akabadili shauri, akasema kwamba atakwenda mwenyewe, nasi tumsindikize. Hivyo ndivyo tulivyoondoka watatu mwezi wa Agosti: sisi mume na mke, na dada yetu.

Tulipanda basi alfajiri katika kituo kikubwa cha Mbezi, kilichoanza kutumika mwaka 2021. Njia ya Moshi ni zaidi ya kilomita 500. Hupita Chalinze, ikaelekea kaskazini mpaka Segera na Korogwe katika mashamba ya mkonge, kisha hufuata ubavu wa milima ya Usambara hadi Mombo, na ubavu wa milima ya Upare hadi Same na Mwanga. Sehemu kubwa ya njia hiyo reli ya zamani huonekana kando, mara kulia, mara kushoto. Ndiyo reli iliyojengwa na Wajerumani kutoka Tanga, ikafika Moshi mwaka 1911, na ndiyo iliyoufanya mji kuwa mahali ulipo leo. Kwa maana Moshi ya kwanza, makao ya Mangi Rindi na ya mwanawe Mangi Meli aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1900, iko juu kwenye mteremko wa mlima, na hata sasa yaitwa Old Moshi.

Tulifika wakati wa Maghribi. Dada yetu alichungulia dirishani akauliza mlima uko wapi, na abiria mmoja akamwonyesha ukuta wa mawingu. Mwenyeji wetu alikuwa mzee mmoja wa mtaa wa Majengo, rafiki wa marehemu baba yetu tangu walipofanya kazi pamoja bandarini Dar es Salaam. Tulipokwisha kumwamkia na kumweleza lililotuleta, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Wanangu, mmechelewa kwa siku moja. Kijana wenu ameingia mlimani jana asubuhi kwa njia ya Machame. Atateremka siku ya sita kwa lango la Mweka. Kaeni, mngojee."

Hivyo ndivyo kukaa kwetu kulivyoanza, kukaa kusikopangwa.

Asubuhi ya pili, tulipotoka msikitini, mzee alitushika mkono akatugeuza upande wa kaskazini. Mawingu yalikuwa yamefunguka. Tulitazama pale tulipodhania kilele kitakuwapo tukaona mbingu tupu. Mzee akacheka akasema, "Inueni macho zaidi." Ndipo tulipokiona Kibo, juu mno kuliko fikira zetu, cheupe kwenye bega moja na cheusi penginepo, na jua linakipiga ilhali mji uko bado gizani. Mji wa Moshi uko kiasi cha mita 800 hadi 900 tu juu ya bahari, na kilele cha Uhuru kina mita 5,895. Yaani mwenye kusimama sokoni hutazama juu kilomita tano kwenda wima. Hatukusema neno. Dada yetu tulimkuta uani, naye amekiona, amekaa juu ya kinu akihesabu kwa vidole siku za mwanawe.

Ama mji wenyewe, una shughuli nyingi kuliko tulivyotarajia. Zamani Moshi ulijulikana kwa kahawa, na jumba la chama cha ushirika cha wakulima, KNCU, kilichoandikishwa mwaka 1933, lingali limesimama kuwakumbusha watu siku hizo. Kahawa ingalipo, lakini siku hizi mlima wenyewe ndio shamba kubwa. Hifadhi ya Kilimanjaro ilianzishwa mwaka 1973, na tangu wakati huo wapandaji wameongezeka hata sasa ni makumi ya maelfu kila mwaka. Huja hasa katika misimu miwili ya ukavu: Januari hadi mwanzo wa Machi, na Juni hadi Oktoba. Ndani ya misimu hiyo, ukipita mitaa iliyo karibu na mnara wa saa utawakuta Wamarekani, Wajerumani, Wachina na Wahindi, na vijana wetu wanawafuata wakiwaeleza bei. Maduka yanakodisha makoti mazito, viatu vya kupandia, fimbo, glavu na mifuko ya kulalia. Usiku mahoteli yanawaka taa, na katika meza moja utawaona waliokwisha kushuka, wameungua pua na wanacheka, na katika meza ya pili wanaopanda kesho, wamenyamaza na wanaulizauliza. Misimu ikiisha, masika yakaingia mwezi wa Aprili, mji hupungua kama soko la jioni.

Huko Ulaya ipo miji ya namna hii iliyo kongwe zaidi. Chamonix ya Ufaransa, ulioko chini ya mlima Mont Blanc, ulikuwa mji wa wachunga mifugo mpaka wageni walipoanza kuja kuitazama barafu. Mwaka 1924 michezo ya kwanza ya Olimpiki ya majira ya baridi ilifanywa huko. Kazi ya wageni wao ni kujifunga mbao ndefu na nyembamba miguuni na kuteleza juu ya theluji kutoka juu mpaka chini, na maelfu ya vijana huhamia miji hiyo kwa miezi michache kupika, kufagia na kubeba, kisha hutawanyika theluji inapoyeyuka. Msomaji asidhani kwamba mchezo huo haukupata kufika kwetu. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kilimanjaro na mbao hizo, wakateleza nazo juu ya barafu ya Kibo. Kipande cha barafu kilichobaki juu katika shimo la Kibo chaitwa mpaka leo kwa jina la Furtwängler.

Mwaka huo huo wa 1912 barafu ya Kilimanjaro ilipimwa ikachorwa katika ramani. Wataalamu walipoipima tena wakaona kwamba kufikia mwaka 2007 asilimia 85 ya eneo lile lilikuwa limekwisha kutoweka. Kwa hiyo mahali walipoteleza wale wawili, sehemu kubwa leo ni mchanga na mawe. Theluji mpya huanguka bado, kama ile ya kwenye picha yetu, lakini huanguka ikaondoka. Tulimwuliza mzee kama watu wa huku wana hofu ya maji. Akatueleza kwamba wengi hudhani mito yao yatoka katika barafu, kumbe sehemu kubwa ya maji yatoka katika mvua inayonyeshea msitu wa mlimani, nao ndio unaoyahifadhi na kuyatoa polepole katika chemchemi na mifereji inayonywesha vihamba vya migomba na kahawa. "Barafu ikiisha tutaona huzuni," akasema, "lakini msitu ukiisha tutahama."

Siku ya tatu dada yetu alisema hawezi kukaa nyumbani akingoja. Akataka aone mahali mwanawe alipoingilia. Tukapanda gari mpaka lango la Machame, lililo kiasi cha mita 1,800 juu ya bahari, chini ya miti mirefu inayodondosha umande. Hapo ndipo tulipoyaona yale ambayo picha haikuyaonyesha. Nje ya uzio walikuwapo vijana wengi wamesimama, wengine na viatu vya mpira, wengine na koti la mvua lililotoboka. Hawana kazi ya siku hiyo, bali wanangoja kwamba labda msafara utapungukiwa na mtu. Ndani ya uzio palikuwa na mizani. Kila mzigo huning'inizwa ukapimwa, kwa kuwa sheria ni kwamba mpagazi asibebe zaidi ya kilo 20 za msafara. Humo mna mahema, meza, viti, sufuria, mitungi ya gesi, mayai, matikiti, na mifuko ya wageni. Wageni watatu tuliwaona wanaondoka na fimbo zao na chupa za maji. Nyuma yao wakaondoka watu zaidi ya kumi, vichwa chini ya mizigo, nao ndio watakaowapita wageni njiani ili wawahi kusimamisha mahema na kuchemsha maji kabla hawajafika.

Wapagazi hawa wenyewe huitana wagumu. Alipita mmoja mwembamba, umri wa mpwa wetu, kikapu kichwani na begi mgongoni. Dada yetu alimfuata kwa macho mpaka miti ilipomficha. Hatukumsikia akisema kitu isipokuwa njiani tukirudi, alipouliza, "Na wakishafika juu, huko wanalala ndani ya nini?"

Mzee alilijibu swali hilo jioni, tukiwa tumekaa kwa mtori aliotupikia bibi wa nyumba. Alituhesabia vituo vya njia ya Machame: usiku wa kwanza katika msitu, wa pili Shira, wa tatu Barranco, wa nne Karanga, na wa tano au karibu yake Barafu, kituo kilicho juu ya mita 4,600. Akatueleza kwamba kila mtu apandapo mita mia moja, joto hupungua kwa zaidi ya nusu digrii, na kwamba hewa pale kileleni ni nusu tu ya ile tuliyoizoea pwani. Kichwa huuma, usingizi hukimbia, chakula hakipiti. Msafara ukiwa mwema, wagumu hulala katika hema lao lenye sakafu na kula shibe yao. Msafara ukiwa wa tajiri mwenye choyo, hulundikana katika hema la kulia wageni baada ya meza kuondolewa. Wamekufa watu kwa baridi, wenyeji na wageni pia. Akamaliza kwa kusema kwamba wengi wa wagumu hawafiki kileleni hata siku moja. Usiku wageni wanapopanda na waongozaji wao, wao hubaki na mahema, kukicha huyang'oa na kuteremka nayo.

Tuliona mzee amesema kweli nyingi mno mbele ya mama mtu. Lakini dada yetu alimshukuru. Akasema kwamba tangu mwezi wa nne watu wamekuwa wakimpoza kwa maneno matamu, na kwamba mtu haombei vizuri jambo asilolijua. Tangu usiku ule akawa akiinuka kwa sala ya usiku huvitaja vituo vile kimoja kimoja, kila usiku kituo chake.

Katika siku zile za kungoja tulisikia mengi juu ya mlima, na moja lilitugusa sisi watu wa pwani. Katika vitabu vya Ulaya husemwa kwamba theluji ya Kilimanjaro iliripotiwa kwa mara ya kwanza na mmisionari Johannes Rebmann, tarehe 11 Mei 1848. Mabwana wa jiografia wa London walimcheka, na mmoja wao, William Desborough Cooley, akashikilia miaka mingi kwamba theluji haiwezi kuwapo chini ya jua la ikweta. Lakini Rebmann hakwenda peke yake. Aliongozwa na Bwana Kheri, Mswahili wa pwani aliyekwisha kuijua njia kwa misafara yake. Rebmann alipoona weupe ule akamwuliza mwongozaji wake ni kitu gani, yule hakuwa na jina la kukiita ila baridi. Na kwa hakika alijibu vizuri kuliko mabwana wa London. Kisha mwaka 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni, na kwa miaka mingi dunia ilikumbuka majina mawili tu. Baadaye jina la Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu likatajwa kuwa mwongozaji. Ama waliobeba hema, unga na maji, majina yao wengi hatunayo. Mlima huu tangu mwanzo umepandwa juu ya mabega ya watu wasioandikwa.

Siku ya kuteremka tulikuwa Mweka tangu saa nne asubuhi, karibu na chuo cha wanyamapori kilichoanzishwa hapo mwaka 1963. Wagumu walianza kutoka msituni makundi makundi, wamejaa matope mpaka magotini, wanapiga kelele za furaha. Kijana wetu tulimtambua kwa mwendo, maana uso ulikuwa mweusi kwa jua na vumbi. Naye alipotuona alisimama kama aliyegonga ukuta. Akautua mzigo, akarudi nyuma hatua chache hadi kwenye uzio wa shamba moja, tukadhani anakimbia. Kumbe alimwomba mwenye shamba jani, akaja nalo, akapiga magoti katika tope akampa mama yake kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama," akasema. "Niwie radhi."

Lilikuwa jani la isale. Mzee alituelezea baadaye kwamba Wachagga hulitumia jani hilo katika kuomba msamaha, na mwenye kupelekewa isale ni aibu kwake kukataa suluhu. Mtoto wa Mbagala alijifunza hayo kwa wenzake mlimani. Dada yetu hakuijua mila hiyo wala hakuwa na haja ya kuijua. Alimwinua, akamtazama midomo, akamtazama vidole vya mikono, kisha akamwambia avue viatu hapo hapo amtazame na vidole vya miguu. Vyote vilikuwa kumi. Ndipo alipoitikia, "Marahaba."

Jioni ile alizungumza nasi wazi, na kwa sababu wapo vijana watakaosoma haya, tunayaandika kama alivyoyasema. Alifika Moshi katikati ya masika, wakati hakuna kazi. Wiki sita alilala chumba kimoja na watu saba. Safari yake ya kwanza alipanda na suruali mbili za pamba na viatu vya kukodi vilivyombana. Tajiri aliyempeleka alimlipa nusu ya ujira, akamwambia aje kesho, na ile kesho haijafika. Mtu aliyemwitia kazi alidai sehemu ya bakshishi yake. Haya yote alimficha mama yake, na kwa ajili ya kuyaficha akashindwa kupiga simu. Maana mwenye kuficha jambo moja huogopa hata salamu.

Kisha mgumu mmoja mtu mzima alimpeleka katika ofisi ya mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, ulioanzishwa hapo Moshi mwaka 2003, ambao huazima wapagazi mavazi ya baridi bila malipo. Koti kubwa la kwenye picha ndilo la hapo. Huyo mtu mzima akamwingiza katika msafara unaolipa wote siku ya kushuka, na bakshishi hutangazwa mbele ya watu. Tangu hapo amepanda mara tano.

Dada yetu alimwuliza habari za sala. Akajibu kwamba wao Waislamu watatu katika msafara huswali pamoja nyuma ya hema la jikoni, wakitayamamu maji yanapoganda, na kwamba mpishi, ambaye ni Mkristo, huwaambia wakati Alasiri inapokaribia kwa kuwa yeye ndiye mwenye saa. Mama akauliza chakula. Akajibu ugali na maharage, asubuhi uji. Mama akauliza, "Na theluji, uliishika?" Kijana akatabasamu kwa mara ya kwanza. Akasema aliishika mara moja Barafu, alfajiri, akaiweka mdomoni kwa siri kama mtoto, na kwamba ilikuwa na ladha ya vumbi.

Sisi, ambao ndio tuliokwenda kumrudisha, tulikuwa tumetayarisha maneno tangu Mbezi. Tulimwambia kwamba kazi hii haina uzee. Kwamba mabega yana mwisho. Kwamba viatu vya mitumba havimwui mtu. Alisikiliza kwa adabu yote. Kisha akasema, "Mjomba, nami sitaki kuzeeka na mzigo. Nataka miaka miwili nijifunze lugha na njia, nitafute leseni ya uongozaji. Lakini kama mama akisema turudi, nimekwisha funga mfuko wangu." Na kweli, mfuko ulikuwa mlangoni.

Tukamgeukia dada yetu. Alikaa kimya hata tukasikia adhana ya Isha. Kisha akatoa masharti yake, akiyahesabu kwa vidole kama alivyokuwa akivihesabu vituo. La kwanza, asipande na tajiri asiyelipa siku ya kushuka, hata kama atakaa mwezi bila kazi. La pili, apige simu siku ya kupanda na siku ya kushuka, kwa kheri au kwa shari. La tatu, masika yakiingia, wakati mji huu hauna kazi, arudi Mbagala akae na mama yake mpaka mvua iishe. La nne, miaka miwili ni miwili. "Ukinikimbia tena kwa siri," akasema, "usiniletee jani."

Tulikaa siku tano zaidi, kwa sababu mama hakutaka kuondoka kabla kidonda cha kisigino cha mwanawe hakijafunga. Siku ya kumi na mbili kijana alitusindikiza kituoni, na kesho yake akapanda tena.

Ndugu msomaji, huenda ukafikiri tulishindwa katika lile tulilolifuata. Sisi hatuoni hivyo. Kijana aliyekuwa amepotea sasa ana mahali tunapopajua na siku tunayomngojea. Tumejifunza kwamba katika mji unaoishi kwa wapita njia, wageni kwa wiki moja na wagumu kwa msimu mmoja, ni rahisi sana mtu kudhulumiwa, kwa kuwa mdhulumu hutumaini kwamba kesho hamtaonana. Kwa hiyo mwenye kijana aliye mbali asingoje picha. Aende, akaone mizani, hema na tajiri. Na kijana anayetaka kwenda asiondoke usiku. Mwenye kuaga huondoka na dua, na akipatwa na jambo anao watu wa kuwaambia. Tena yeyote atakayejaliwa kuupanda mlima ule, aulize kabla ya kulipa: wabebaji wangu watalala wapi, watakula nini, na watalipwa lini? Hayo ni maswali matatu tu, wala hayana uzito wa kilo moja.

Tulipowasili Mbagala joto lilitupokea tangu mlangoni mwa basi. Majirani walikuja kumtazama kijana, wakamkosa, wakauliza. Dada yetu aliwajibu kwamba yuko kazini. Jani la isale alilibandika ukutani juu ya kitanda chake. Limekauka sasa, limekuwa rangi ya majani ya chai. Na siku za msimu, akiinuka usiku na sisi tukiwa kwake, twamsikia akitaja kwa sauti ndogo: Shira, Barranco, Karanga, Barafu.